Jina la Mama Mkwe

Kitabu cha wageni cha Ukumbi wa Elim kilichukuliwa Jumamosi, saa kumi na moja jioni, watu wakiwa bado wanapiga makofi. Sajini Vosloo hakumpiga mtu wala hakutukana. Alipanda ngazi mbili za jukwaa, akamwomba radhi bibi harusi wa mchezo, akatugeukia na kusema kwa Kixhosa safi kabisa, "Kaeni tu, jamaa zangu. Nimekuja kuchukua kitu kimoja." Akakitia kitabu kwapani, akatoka taratibu kama mtu aliyepita dukani kununua mkate.

Sisi wa mtaa wa Korsten tulikuwa tunakionea fahari kitabu kile. Kibali cha kuwakalisha Wazungu, Machotara, Wahindi na Waxhosa chini ya paa moja tulikiomba mara sita, tukanyimwa mara tano, na ile mara moja tuliyopewa tuliamriwa tufunge kamba katikati ya ukumbi, toka mlangoni mpaka jukwaani, rangi huku na rangi kule. Ndipo wakili mmoja akatufundisha ujanja. Msiuze tiketi, alisema. Alikeni watu kwa majina. Kila mgeni aandikwe yeye ni nani, anatoka wapi, na kaalikwa na nani. Hapo itakuwa karamu ya nyumbani, na sheria bado haijajua kuingia kwenye karamu. Tukanunua kitabu kikubwa chenye jalada la kitambaa chekundu, na kamba tukaitupa stoo.

Mwandishi alikuwa Barend Jantjies, mtunza ukumbi, aliyekaa na mkewe na binti yake katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya jukwaa. Siku ya mchezo Barend huvaa tai, huweka meza mlangoni, na humuuliza kila mtu jina lake kamili kama lilivyo kwenye kadi ya Chotara au kipande cha Mwafrika. Ukimwambia "Niandike Boeta tu, Mjomba, wote wananijua," huweka kalamu chini na kukutazama mpaka useme jina uliloandikiwa na wazazi. Jumamosi ile waliingia wageni tisini na sita. Aliandika majina tisini na tano. Mstari wa arobaini na moja haukuwa na jina.

*

"Uliandika nini?" mkewe Letty alimuuliza Jumapili asubuhi, mgongo wake umeegemea jiko.

"Niliandika ukweli, Mama Ursula."

"Sijakuuliza ukweli. Nimekuuliza maneno yenyewe."

Barend aligeuza kikombe chake upande huu na upande ule. "Mama mkwe wangu. New Brighton, nyumba namba mia mbili na kumi. Mgeni wa nani: wangu."

Letty alivuta kiti akakaa. Kadi yake ilisema yeye ni Chotara, kwa sababu baba yake alikuwa Chotara na hakuna karatasi hata moja iliyomtaja mama yake. Serikali ilipowapakia Waxhosa wa Korsten kwenye malori na kuwapeleka New Brighton, mtaa wa Waafrika watupu, mama alipanda lori na binti akabaki. Kwa kadi hiyo Letty alikuwa na kibarua kwenye kiwanda cha viatu, binti yao Ursula alikuwa anasoma sekondari ya Machotara, na Barend alikuwa na nyumba, maana nyumba ya mtunza ukumbi ni ya Chotara na familia yake. Sasa mtu yeyote ajuaye kusoma angejua kwamba mke wa Barend Jantjies amezaliwa na mwanamke wa kipande.

"Hujamwandika mama," Letty alisema. "Umeniandika mimi."

"Wakili alisema jina la kwenye kipande."

"Si ungeandika MaMpinga, Baba?" alisema Ursula, ambaye ndiye aliyekuwa bibi harusi wa mchezo, na bado alikuwa na poda masikioni. "Hilo jina la ukoo, kila mtu anamwita hivyo."

"Kwenye kipande hakuna MaMpinga."

"Basi ungeniita mimi nikaandika!"

"Ulikuwa nyuma ya pazia na shela lako." Barend alisema kwa sauti ya mtu anayejitetea mbele ya kanisa. "Watu walikuwa foleni nyuma yake. Naye kasimama mbele yangu na kofia yake ya Jumapili, kaja kwa basi mbili kumwona mjukuu wake, mara ya kwanza tangu wahamishwe. Ningemwambia nini? Mama, jina lako nani?"

Letty alilijua jambo hilo kuliko yeyote. Alipoolewa, mama yake alikataa katakata mambo ya kwenda ofisini kusaini na kurudi. Kadi yako ya Chotara, alisema, lakini utaolewa kama mtu. Barend alitoa mahari, akakalishwa chini na wajomba, akafundishwa adabu ya mkwe wa Kixhosa: hukai naye jamvi moja, humtazami usoni ukimsemesha, naye hakuonyeshi mabega wazi, na jina lake la kuzaliwa hulitamki wala huliandiki mpaka unaingia kaburini. Wale wajomba walicheka wakidhani Chotara huyu wa mjini atasahau kabla ya mwezi kuisha. Miaka kumi na sita ilikuwa imepita, na jina lile halijawahi kugusa ulimi wake. Hata magazeti yakiandika mtu mwingine mwenye jina hilo, Barend alikuwa akiliruka.

"Heshima yako itatuua," Letty alisema, akaanza kumenya viazi, akamenya vingi kuliko walivyohitaji.

*

Jumatatu ikaja barua. Sajini Vosloo atafika ukumbini Jumatano saa tisa alasiri pamoja na kitabu, kwa kuwa ameona humo kasoro ndogo ya kusahihisha. Kikundi cha mchezo kiwepo chote. Mtunza ukumbi awepo. Na mtu wa mstari wa arobaini na moja awepo.

Kiongozi wa kikundi, Lizo Maqanda, aliisoma barua ile amesimama katika jikoni la Letty, ovaroli lake la kiwanda cha matairi likinuka mpira. Lizo alikuwa kijana wa maneno mengi na mwili mdogo. Michezo yake haikuandikwa popote. Waliitunga kwa mdomo, wakaifanyia mazoezi kwa mdomo, ili polisi wakija kutafuta karatasi wapate viti.

"Mjomba, subiri," alisema. "Mchezo wetu unahusu nini?"

"Harusi," alisema Barend.

"Harusi iliyovunjika kwa sababu wageni hawana vibali. Na kwenye harusi kuna nani?"

Ursula ndiye aliyedaka. "Mama mkwe!"

"Sasa hapo!" Lizo akapiga meza. "Hukuandika mtu, Mjomba, uliandika sehemu anayoigiza. Waigizaji walipopita mlangoni ulichanganyikiwa, ukaandika 'mama mkwe wangu' kwa sababu anaigiza mama mkwe. Mchezo haujaandikwa. Nani atabisha kwamba hakuna mama mkwe ndani yake?"

"Lakini Jumamosi hakupanda jukwaani," Letty alisema.

"Alikuwa anaumwa kichwa. Atapanda Jumatano."

"Mama yangu hajaigiza maishani mwake."

"Dada Letty," Lizo alisema, "kuna Mwafrika nchi hii asiyejua kuigiza? Ukienda kuomba muhuri ofisini unakuwaga wewe?"

Walicheka, kicheko kifupi kilichowaacha na aibu. Hakuna aliyekuwa na njia nyingine, na kila mmoja alijua hivyo. Kesho yake Letty alitoka kiwandani akafunga kitambaa kichwani kwa mtindo wa wanawake wa New Brighton, akapanda basi la Waafrika. Alimkuta mama yake akipepeta maharage mlangoni, akamweleza yote bila kupumua.

Yule mama alipepeta mpaka ungo ukaisha takataka. "Niigize mama mkwe," alisema. "Kazi hiyo naifanya miaka kumi na sita bila mshahara."

"Mama, usinichekeshe."

"Nani anakuchekesha? Ursula ataigiza nani?"

"Bibi harusi, kama Jumamosi."

"Na wewe?"

"Mimi nitakuwepo tu. Nitakuwa nafagia."

"Nikikuona unafagia nikwambie nini?"

Letty alishika ukingo wa ungo. "Usiniambie kitu, Mama. Hatujuani."

"Ah," alisema mama yake. Akayamimina maharage sufuriani, yote, akiyahesabu kwa macho. "Na yeye? Mkwe wangu?"

"Naye hakujui. Wewe ni mwigizaji tu wa kikundi cha Lizo."

"Basi nitavaa kofia ileile," alisema. "Asije akasema nimebadilika."

*

Jumatano Vosloo alifika saa tisa kamili, peke yake, kofia mkononi. Mtu wa kwanza kumwona alidhani ni mchungaji. Alizaliwa shambani, huko bara, akanyonyeshwa na kulelewa na Waxhosa, na wakubwa wake walimpenda kwa sababu hiyo. Polisi asiyejua lugha yako atakupiga, na maumivu huisha. Huyu alikuwa anasikia mpaka unachomeza.

"Kamba iko wapi?" lilikuwa neno lake la kwanza.

Barend alidhani hakusikia vizuri. "Kamba gani, bwana?"

"Ya kibali. Mimi ni Mzungu, ninyi si Wazungu, na hapa panataka kufanyika mchezo. Tufuate sheria, Barend."

Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Barend aliingia stoo akatoa kamba, akaifunga toka mlangoni mpaka jukwaani, akipitisha kwenye viti mia tatu vitupu. Vosloo akakaa upande wake peke yake, kiti cha katikati. Letty alimletea chai katika kikombe cha ua la dhahabu, kile cha mgeni wa heshima, akakipitisha juu ya kamba kwa mikono miwili. Waigizaji walisimama jukwaani wakamngoja anywe. Alikunywa yote, akaomba sukari, akanywa tena.

"Haya," alisema. "Nionyesheni huyo mama mkwe."

Mchezo ukaanza. Meza ya harusi imewekwa mpakani, wageni wa bwana harusi hawaruhusiwi kuvuka huku, wageni wa bibi harusi hawaruhusiwi kuvuka kule, na keki imo katikati inakauka. Lizo alikuwa karani wa vibali, na Jumamosi alikuwa amewavunja watu mbavu. Leo kila alipofanya mzaha ukumbi ulikaa kimya, na mizaha yake ikasikika mirefu kuliko ilivyo.

Ndipo akaingia MaMpinga, kofia ya Jumapili kichwani, shali mabegani. Hakuna aliyekuwa amemfundisha maneno. Aliitazama meza, akaitazama keki, akamwendea bibi harusi akamshika ncha ya sikio, kama alivyokuwa akimshika tangu akiwa mchanga. Barend, aliyesimama kando ya mlango, alishika kitasa. Lakini Ursula aliinamisha kichwa vizuri, kimchezo, na jambo likapita.

"Mnaniambia harusi," MaMpinga alisema, na sauti yake ikajaa ukumbi wote. "Mimi nimekuja na sufuria langu, nimekuja na mgongo wangu, nimepanda basi mbili. Naambiwa nisimame hapa. Nimesimama. Naambiwa nisiongee. Nimenyamaza. Sasa ninyi wenye vibali, niulizeni na mimi basi. Binti yangu yuko wapi? Nilizaa binti au nilizaa moshi?"

Letty alikuwa nyuma na ndoo na tambara, anasugua sakafu. Alisugua ubao mmoja, akausugua tena uleule, akausugua mpaka maji yakaisha kwenye tambara.

Vosloo alicheka. Alicheka kwa furaha ya kweli, akapiga makofi peke yake, na sauti ya mikono miwili katika viti mia tatu ilikuwa jambo baya kulisikiliza. "Anaweza!" alisema. "Lizo, huyu umemtoa wapi? Ni bora kuliko ninyi wote."

"Yeye ni mama wa kanisa tu, bwana. Ana kipaji."

"Naona." Akageuka nyuma. "Wewe wa ndoo. Unamjua huyu mama?"

Letty alisimama, akajifuta mikono kwenye aproni. "Nilimwona Jumamosi, bwana. Kumbe anaigiza vizuri."

"Hujawahi kumwona kabla?"

"Hapana, bwana."

MaMpinga pale jukwaani alikuwa akiziangalia taa. Uso wake haukuonyesha kitu. Lizo akashusha pumzi, na sote tuliokuwa tumejibanza dirishani kwa nje tukashusha naye, tukidhani mto umevukwa.

Vosloo alikifungua kitabu juu ya magoti yake. "Basi ni kasoro ndogo kama nilivyosema. Umeandika sehemu anayoigiza badala ya jina. Barend, njoo. Leta na kalamu yako, ile nzuri."

Barend alikwenda, akasimama upande wa pili wa kamba.

"Huko kwetu shambani," Vosloo alisema kwa Kixhosa, polepole, kama anayesimulia watoto, "kulikuwa na mchunga ng'ombe anaitwa Sandile. Alikuwa akimwona mama mkwe wake njiani anazunguka kilima kizima asipishane naye. Siku moja baba yangu, kwa utani tu, akamwambia: Sandile, nitakupa ndama ukinitajia jina la yule mama. Ndama, Barend! Mtu hana hata mbuzi. Alilia, lakini hakulitaja." Akafunga mdomo, akatazama juu. "Desturi nzuri. Mimi naiheshimu. Lakini mwigizaji si mama mkwe wa mtu, sivyo?"

"Ndivyo, bwana."

"Basi jina lake lipo kwenye kipande chake. Kikundi kizima kinamjua. Wewe ni mtunza ukumbi, lazima unalijua. Usinisomee. Mwite. Mwite aje hapa, kama unavyomwita mtu yeyote."

Barend alimtazama Lizo. Lizo alitazama viatu vyake. Alimtafuta mkewe, na Letty alikuwa amesimama na tambara mkononi, macho yake yakimwambia mambo mawili kwa wakati mmoja: sema, na usiseme. Ursula alikuwa ameushika mdomo wake kwa shela. Mtu wa pekee ambaye hakuthubutu kumtazama ni yule aliyepaswa kumwita.

Nitasema ninavyoona mimi. Wapo waliosema baadaye kwamba Barend angekataa tu, afungwe, mambo yajulikane. Wenye maneno hayo walikuwa na kadi ambazo hazikutiliwa shaka. Barend alikuwa na mke na binti wamesimama mbele yake, na neno moja la kuwaokoa nalo, na neno lenyewe ndilo hilo.

"Nokwindla," alisema.

"Sauti, Barend. Huku nyuma hatusikii."

"Nokwindla!"

"Nokwindla, kisha? Aje au asije?"

"Nokwindla, njoo hapa."

Mkono wa yule mama ulikwenda kwenye shali, kama mwanamke aliyefumaniwa anaoga, kisha ukasimama. Vosloo alikuwa anauangalia mkono ule. Mkono ukashuka. Shali likateleza bega moja, naye hakulipandisha. Aliteremka ngazi mbili za jukwaa, akaja mpaka kwenye kamba, akasimama mbele ya mkwe wake akamtazama usoni, macho kwa macho, kama mtu anayetazamana na karani.

"Naam, bwana," alimwambia Barend.

"Umesikia?" Vosloo alisema. "Ni rahisi. Sasa andika."

Barend aliinama juu ya kamba akaandika. Alifuta "Mama mkwe wangu" kwa mstari mmoja, na juu yake akaweka Nokwindla Mjuza, kwa mwandiko uleule mzuri. Kwenye safu ya mgeni wa nani, Vosloo alimwonyesha kwa kidole. Barend akafuta "wangu", akaandika "kikundi".

Vosloo alifunga kitabu. Alionekana kama mtu aliyechoka kidogo. "Vizuri. Karamu zenu zimekwisha, jukwaa litatiwa kufuli leo. Na huyu hana ruhusa ya kuwa mtaa huu. Nikimkuta tena Korsten, anaigiza au haigizi, nitamfunga. Na aliyemkaribisha nitamuuliza tena kwa nini." Akamrudishia Letty kikombe juu ya kamba. "Ahsante kwa chai, mama. Una mikono kama ya mtu ninayemjua."

Kikundi kilitoka kwa mlango wa mbele kwenda kituo cha basi, MaMpinga akiwa katikati yao. Alipita hatua moja kutoka kwa ndoo ya Letty. Letty alisogeza ndoo ili ampishe, maana ndivyo unavyompisha mtu usiyemjua.

*

Kadi ya Letty ilibaki mkobani mwake. Ursula alirudi shule, Barend alibaki na nyumba yake na ukumbi wenye jukwaa la kufuli ambao alikuwa bado anaufagia kila asubuhi, upande wa viti tu. Tuliopita tulimsalimu naye akaitika. Ndani ya nyumba hapakuwa na ugomvi. Letty alimpakulia chakula, akamfulia mashati, akamsemesha mambo ya chumvi na mafuta ya taa. Siku moja tu, akiwa anapiga pasi, alisema bila kugeuka:

"Ulimwita vizuri. Kama ulikuwa umefanya mazoezi."

"Mama Ursula..."

"Sisemi vibaya. Nami nilimkana vizuri. Tulikuwa wazuri wote."

Lizo alileta salamu kutoka New Brighton. Alizileta shingo upande, kofia ikizunguka vidoleni. "Mama anasema hana kinyongo na mtu, Mjomba. Anasema nikwambie... anasema jina lake hukukosea hata herufi."

"Hakusema jingine?"

"Nilimuuliza nikuletee neno gani. Akasema ningojee. Nikangoja, akaingia ndani."

Mkwe aliyetamka jina huenda na mjumbe, huenda na mbuzi dume, hupiga magoti nje ya ua na kusema Mama, nimekosa. Barend hakuwa na mjumbe wa kumtuma mahali ambapo hajuani na mtu, na mbuzi humpandishi basi. Alinunua shali, rangi ya majivu, zito, la sufu. Jumapili, watu wakiwa makanisani, alikwenda New Brighton bila kibali.

Nyumba namba mia mbili na kumi ilikuwa karibu na bomba la maji la mtaa. Kando ya lango lake, tangu Alhamisi, alikuwa amehamia fundi viatu mpya, mwenye koti la kahawia na kigoda, ambaye majirani hawajamwona akishona hata kiatu kimoja. Barend alimwona kabla hajafika. Akasimama upande wa pili wa barabara, nyuma ya uzio wa waya, shali kwapani, akajifanya anasubiri gari.

MaMpinga alitoka na ndoo. Alitembea mpaka bombani, akaweka ndoo chini, akafungua maji, na alipoinua kichwa alimwona. Barend alijua amemwona, kwa sababu aligeuka haraka akampa mgongo, na mkono wake ukapandisha nguo mabegani. Alikuwa anamficha mwili mkwe wake, kama zamani. Ndoo ilijaa. Maji yakamwagika, naye hakufunga bomba. Alikuwa anasubiri kuitwa.

Barend alifungua mdomo. MaMpinga ni jina la kila mtu, na mkwe aliyekosa haombi radhi kwa jina la kila mtu; alikuwa na maneno mawili ya kumwita yule mama, mawili tu duniani. Lile la "Mama" fundi viatu angelisikia, na kabla ya chai ya jioni Vosloo angekuwa nalo, na kadi ya Letty ingerudi mezani. Lile jingine alikuwa ameapa mbele ya mkewe na mbele ya Mungu kwamba halitatoka tena kinywani mwake. Alikaa na mdomo wazi, na fundi viatu akainua kichwa kumtazama Chotara huyu anayetaka kusema kitu.

MaMpinga alisubiri kadiri mtu anavyoweza kusubiri kwenye bomba la watu wote. Kisha akafunga maji, akajitwika ndoo bila kusaidiwa, akaingia ndani na kurudisha mlango.

Barend alipanda basi la saa sita kurudi Korsten, shali lake kwapani.